Sweta la Kaka Mvuvi

Jua linapokaribia kuzama, mtu asimamaye ufukoni pa Kamanga huona kazi mbili zikipishana. Kutoka mashariki, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, kivuko chaja polepole kikiwarudisha watu waliokwenda mjini kuuza na kununua, na nyuma yake yaonekana majabali ya Mwanza yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Na hapo hapo ufukoni wavuvi wa dagaa watia taa na nyavu katika mitumbwi, maana kazi yao huanza wakati watu wengine wafikiripo kulala. Aliye na busara miongoni mwao hachukui taa na chakula tu, bali huchukua na sweta.

Mgeni aweza kucheka. Sweta la nini, na Ikweta iko karibu hivi? Lakini Ziwa Victoria liko juu ya usawa wa bahari kiasi cha meta 1,134, na usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ziwa, kwa kuwa ina joto zaidi, hupanda juu, na hewa baridi ya nchi kavu huja kushika mahali pake. Ndio upepo wa usiku utokao barani kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja barani. Mtu aliyelowa kifua na mikono kwa kuvuta nyavu, akipigwa na upepo huo mpaka alfajiri, hutetemeka hata kama mchana alikuwa akitafuta kivuli cha mwembe.

Mvuvi wa namna hii ana dada, au mke, au mama, na huyo hutamani kumfumia sweta. Hilo ni jambo jema, wala hapana haja ya kulisifu sana. Linalofaa kusemwa ni jingine, ambalo wafumaji wengi hawapendi kulisikia. Sweta la mpendwa halianzi katika moyo wa mfumaji, bali huanza katika mwili na kazi ya mtu atakayelivaa. Asiyejua hayo aweza kukaa miezi mitatu akifuma usiku na mchana, na mwisho akawa amejifumia mwenyewe.

Na afikiriwe msichana wa Kamanga, wa darasa la sita, ambaye kaka yake huvua dagaa. Msichana huyo amekwisha jifunza kufuma kofia na soksi za watoto wachanga, na vitambaa vya kupamba viti, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Tanzania. Sasa ataka kumfumia kaka yake sweta. Achukua karatasi, achora. Sweta lake ni jeupe. Lina ukosi mpana, na vifungo vikubwa mbele kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na mifuko miwili, na mikono mirefu ifikayo mpaka vidoleni, na kifuani ua jekundu. Picha ni nzuri, na mwalimu wake aweza kumpa alama kubwa.

Lakini kaka yake atalivaa wapi? Weupe, ndani ya mtumbwi wenye magamba na maji machafu, hautadumu usiku mmoja. Mikono mirefu italowa mara ya kwanza atakapouingiza mkono majini, na maji yatapanda mpaka kwenye kiwiko. Mifuko itajaa dagaa. Na vifungo ndivyo vibaya kuliko vyote. Wavu wa dagaa una matundu madogo sana, nao unapotupwa huvutwa na uzito wake mwenyewe kwenda chini kwa nguvu. Kifungo kikinaswa katika tundu moja, mvuvi hana nafasi ya kukifungua kwa utaratibu. Ama wavu utapasuka, ama sweta, na kama vyote viwili ni imara, basi atakayevutwa ni mtu.

Kaka huyo hatasema neno baya. Atashukuru, atalivaa Jumapili moja, kisha atalikunja na kuliweka sandukuni, na ziwani atakwenda na koti lake kuukuu la mtumba. Dada atamwona akipita na koti lile, naye atasikitika akidhani kwamba kaka hampendi. Kumbe kosa si la kaka, wala si la mapenzi. Kosa lilifanyika siku ile ya karatasi.

Wako watu ambao kwao jambo hili lilijulikana zamani. Katika miji ya wavuvi ya Uingereza na Uskochi, hasa katika karne ya 19, wanawake waliwafumia waume zao na ndugu zao masweta ya kazi yaitwayo gansi, jina ambalo wengi hulinasibisha na kisiwa cha Guernsey. Bahari yao ni baridi sana, na kazi yao ilikuwa ya nyavu, kama ile ya Kamanga. Mtu akilichukua gansi moja na kulitazama vizuri, ataona ya kwamba karibu kila jambo lililomo lina sababu, na sababu yenyewe ni kazi.

Kwanza, halina mshono ubavuni. Hufumwa kwa mzunguko, kwa sindano nne au tano au zaidi zenye ncha pande zote mbili, hata badani yote ikawa kama mfuko usio na kitako. Kwa hiyo hapana mahali dhaifu pa kufumuka. Kwa kawaida halina vifungo, ila pengine vichache vidogo begani. Hukaa karibu na mwili, lisije likanaswa. Uzi wake ni wa sufu uliosokotwa kwa nguvu sana, na sindano zake ni nyembamba, hata kitambaa kikawa kizito na kigumu, na upepo haupenyi kwa urahisi. Chini ya kila kwapa hutiwa kikwapa, yaani kipande cha pembe nne kama kile ambacho mshonaji hutia katika kanzu, ili mtu aweze kuinua mikono yote miwili na kuvuta, na sweta lisipande tumboni. Na mara nyingi mbele na nyuma ni sawa, ili mvuvi aweze kuligeuza kifua kikichakaa, au alivae gizani bila kutafuta upande.

Lakini jambo la akili kuliko yote ni mikono. Mfumaji wa gansi hakuanza mkono kwenye kifundo akapanda juu. Alianza begani, akashuka, akakomesha mkono kabla haujafika kwenye kifundo, ili usilowe. Kwa nini alianza juu? Kwa sababu mkono wa sweta huchakaa mwisho wake, pale panaposuguliwa na kamba na ukingo wa chombo. Ukiwa umefumwa kutoka juu, ile sehemu mbovu yaweza kufumuliwa peke yake, na mpya ikafumwa mahali pake, bila kuligusa sweta jingine. Mwanamke yule, siku alipotia kitanzi cha kwanza begani, alikuwa amekwisha fikiri juu ya miaka mingi ya mbele, wakati mumewe atakapokuwa bado hai na bado akivuta nyavu. Hayo ndiyo mapenzi yanayoweza kupimwa kwa rula.

Basi, je, msichana wa Kamanga achukue gansi kama lilivyo? La, hasha. Afanyaye hivyo amemfumia mvuvi wa Uskochi. Ziwa Victoria halina barafu. Mvuvi wa Kamanga hulivaa sweta usiku tu, naye hulivua jua likipanda. Kitambaa kikiwa kizito mno, atatoka jasho anapopiga kasia, na jasho likipoa litamtia baridi tena. Sharti achukue ile njia ya kufikiri, kisha alitazame ziwa lake mwenyewe.

Swali la kwanza litakuwa la uzi. Msichana huyu amezaliwa katika nchi ya pamba. Usukumani pamba imelimwa kwa muda mrefu, na kituo cha Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza, kimeshughulika na mbegu za pamba tangu miaka ya 1930. Ingependeza sana kama sweta la mvuvi lingekuwa la pamba ya nyumbani. Walakini pamba hunywa maji, ikawa nzito na baridi, na hukauka polepole. Yafaa kwa shati, na kwa nguo ya mtoto mchanga haina mfano, lakini kwa mtu anayekesha majini ni uzi mbaya. Ni vigumu kuisema habari hiyo mbele ya wakulima, lakini ndiyo kweli.

Uzi uuzwao sana katika maduka ni wa akriliki, ambao hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya ardhini. Ni rahisi, una rangi za kila namna, na haunywi maji mengi. Ubaya wake ni moto. Ukishika moto huyeyuka, na kile kilichoyeyuka hugandamana na ngozi. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai, na bado ziko zinazotumika, ijapokuwa wengi sasa wana taa za umeme wa jua au za betri. Kwa kaka anayeketi karibu na karabai, akriliki si mavazi ya kuaminiwa.

Yabaki sufu. Sufu yaweza kupokea unyevu upatao karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajaona kwamba imelowa, nayo haishiki moto upesi. Lakini kondoo wa Usukumani hawana sufu ya kusokota. Wana nywele fupi na mkia wenye mafuta. Na sufu mpya, ikipatikana mjini, ni ghali kuliko mfuko wa mtoto wa shule.

Hapo ndipo mitumba inapofaa, tena kwa namna ambayo watu wengi hawaifikirii. Katika marundo ya mitumba hupatikana masweta ya sufu, makubwa mno au yenye kiwiko kilichotoboka, ambayo hayatakiwi na mtu. Msichana mwenye akili hununua moja, akalifumua, akauzungusha uzi katika kiti, akauosha kwa maji ya vuguvugu, akautundika na jiwe dogo chini yake mpaka unyooke. Yamtosha kuangalia mambo mawili. Mshono wa ubavuni usiwe umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, kwa maana sweta la namna hiyo likifumuliwa hutoa vipande vifupi visivyo na kazi. Na ahakikishe kwamba ni sufu kweli, kwa kuchoma kipande kidogo cha uzi akiwa pamoja na mtu mzima. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake huvunjika vidoleni. Akriliki huwa tone gumu. Pamba hunuka kama karatasi.

Sindano nazo si taabu. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamefuma kwa spoku za gurudumu la baiskeli, na wako waliowacheka kwa ajili ya umaskini huo. Wangenyamaza. Spoku nyingi zina unene wa milimeta 2 hivi, nao ni karibu sawa na unene wa sindano walizozitumia wanawake wa gansi. Ncha zake zasuguliwa juu ya jiwe mpaka ziwe laini, na mawe ya kusugulia katika nchi ya Mwanza hayatafutwi mbali.

Sasa yafuata kupima, na hapa mtoto wa wavuvi ana bahati kuliko mtoto wa mjini, kwa kuwa amekwisha sikia habari za matundu ya wavu. Mwaka 1905 nyavu za kitani zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo siku hizi huitwa Ghuba ya Winam, nazo zilikuwa hodari sana kuliko mitego ya zamani. Zikaenea, na baada ya miaka michache samaki aina ya ngege walianza kupungua. Mtaalamu Michael Graham akatumwa kuchunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, na shauri lake kuu lilikuwa juu ya matundu. Wavu wa ngege usiwe na tundu chini ya inchi 5, samaki wadogo wapate kupita na kukua. Tundu likiwa dogo kwa kiasi cha kidole tu, ziwa zima laona tofauti.

Na kitanzi cha sweta ni vivyo hivyo. Mfumaji hodari hafumi badani kabla hajafuma kipande kidogo cha kujaribia, kwa uzi ule ule na sindano zile zile, akakiosha, akakikausha, akahesabu ni vitanzi vingapi vimo katika sentimeta 10. Na ichukuliwe kwamba ni 28. Kifua cha kaka ni sentimeta 92. Kwa kuwa ataivaa juu ya shati, naye ataka nafasi ya kuvuta pumzi, yaongezwa sentimeta 8, jumla 100. Basi badani yataka vitanzi 280. Hiyo ni hesabu nyepesi. Lakini msichana mwenye haraka, ambaye hakufuma kipande cha kujaribia, pengine mkono wake ni mlegevu, na kwake sentimeta 10 zina vitanzi 25 tu. Akitia 280 vile vile, sweta lake litakuwa na mzunguko wa sentimeta 112. Sentimeta 12 za kitambaa kinachoning'inia mbele ya tumbo la mvuvi, usiku, karibu na wavu! Na yote yametokana na vitanzi vitatu ambavyo hakuona haja ya kuvihesabu.

Na kazi yenyewe si ndogo. Kama urefu wa badani ni sentimeta 60, na kila sentimeta 10 zina mizunguko 40, basi mizunguko ni 240, na vitanzi ni karibu 67,200, bila mikono wala shingo. Mtu afumaye vitanzi 30 kwa dakika ahitaji zaidi ya saa 37. Mwanafunzi, ambaye ana maji ya kuchota na hesabu za nyumbani, atachukua miezi. Ajuaye hesabu hiyo hatauona mchezo ule muda wa kumpima kaka yake kwa kamba kabla ya kuanza.

Hapa watu wengine hupinga. Husema kwamba zawadi ikitangazwa si zawadi tena, na kwamba furaha yote imo katika kumshtukiza mtu. Kwa pipi au ua, maneno hayo yakubalika. Kwa nguo ya kazi hayafai. Hapana fundi atengenezaye mtumbwi kwa siri, bila kuuliza watu wangapi watapanda na watavua nini. Katika nchi za Ulaya na Marekani wafumaji wana mzaha mmoja, kwamba msichana akimfumia mchumba wake sweta, uchumba huvunjika kabla sweta halijaisha. Wao huuita laana. Hapana laana hapo. Mtu amefungiwa mambo ya kifua chake mwenyewe miezi mitatu, kisha aletewa kitu asichokitaka na kuambiwa alie kwa furaha. Ajabu ni kwamba wachumba wengine huvumilia.

Dada aseme waziwazi, "Kaka, nataka kukufumia sweta la ziwani. Niambie lile koti lako lakusumbua wapi." Naye kaka, ambaye labda hakupata kuulizwa neno kama hilo maisha yake yote, atafikiri kidogo na kujibu, "Mdogo wangu, mgongoni hupanda ninapovuta. Shingoni maji huingia. Na mkono wa kuume umekatika kwa kamba." Katika maneno hayo machache mna ramani nzima ya sweta. Mgongo na urefuke. Shingo na ibane, bila ukosi. Mkono uanzie begani, ukomee vidole vitatu juu ya kifundo. Rangi iwe ya giza. Karatasi ile ya kwanza yaweza kutupwa bila majuto.

Pengine hapa mvulana msomaji ameanza kupiga miayo, akidhani kwamba habari hii ni ya wasichana. Na ajue ya kwamba katika Ulaya ya zamani vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume, na kijana alijifunza miaka mingi kabla hajaitwa fundi. Na mashine ya kwanza ya kufuma ilibuniwa na mwanamume, William Lee wa Uingereza, mwaka 1589. Husimuliwa kwamba alimpenda msichana aliyekuwa akifuma daima, hata hakuinua macho kumtazama, ndipo kwa uchungu akatafuta njia ya kuzishinda sindano zake. Huenda ni hadithi tu. Lakini masweta mengi yauzwayo leo ulimwenguni ni ya mashine, nayo ni ya bei nafuu, na hapana haja ya kuyatukana. Sweta la mtumba laweza kuwa rahisi kuliko uzi mtupu. Afumaye kwa mkono kwa kutaka kuokoa fedha amekosea hesabu. Neno moja tu mashine haiwezi. Hufuma kwa vipimo vya watu wote, kidogo, cha kati na kikubwa, wala haijui kwamba kuna mtu mmoja ambaye mkono wake wa kuume hukatwa na kamba.

Na uzuri je? Usiwepo kabisa? Uwepo. Wanawake wa gansi walipamba kifua kwa mistari, kamba zilizosokotana, ngazi, na nyavu, yote kwa vitanzi vya mbele na vya kinyume, katika rangi moja. Mapambo hayo yaliongeza unene wa kitambaa pale kifuani, mahali panapopigwa na upepo. Tena wengine walifuma chini, juu kidogo ya pindo, herufi za kwanza za jina la mwenyewe. Msichana wa Kamanga ana mifano yake iliyo karibu: mawe yaliyopandana, mawimbi, na ile misuko ya vikapu aliyoiona tangu utoto. Hapo kifuani ni pake, apambe apendavyo.

Kuna watu wasemao kwamba mapambo ya gansi yaliwekwa ili mvuvi aliyezama aweze kutambuliwa ufukoni. Wazo hilo limepata nguvu kwa mchezo wa J. M. Synge uitwao Riders to the Sea, uliochezwa Dublin kwanza mwaka 1904, ambamo msichana amtambua kaka yake aliyekufa maji kwa kuhesabu vitanzi vya soksi aliyomfumia mwenyewe. Mchezo huo ni wa kubuniwa, na hapana ushahidi mzuri kwamba watu walifuma kwa kusudi la namna hiyo. Wala haifai kufuma hivyo. Afumaye sweta la mvuvi na amfumie mtu atakayerudi. Tena asisahau kwamba sufu humpa mtu joto, lakini haimwelezi majini. Kwa hiyo sweta lisiwe nene hata likamzuia kuvaa juu yake jaketi la kuokoa maisha, na kama fedha za nyumba zatosha kitu kimoja tu, jaketi litangulie, sweta lingoje.

Lipo jambo ambalo huwavunja moyo wanaoanza, nalo ni kufumua. Mtoto akiona kwamba amekosa mizunguko 30 nyuma, hulia, au hujifanya hakuona. Lakini lugha ya Kiswahili yenyewe yamfundisha kwamba kufuma na kufumua ni ndugu. Wavu hufungwa kwa mafundo, na kwa hiyo ukikosewa hukatwa kwa kisu. Sweta halina fundo. Ni uzi mmoja uliopita ndani ya vitanzi vyake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hunyumbuka mtu avutapo pumzi, na kwa sababu hiyo hiyo hurudi kuwa uzi bila kupotea. Jioni moja ya kufumua haimpotezei mfumaji kitu ila jioni moja. Aonaye kosa akaliacha kwa kuwa ni chini ya kwapa na halitaonekana, na akumbuke ni nani atakayelisikia.

Badani ikifika kwapani, kaka huitwa alijaribu, sindano zikiwa bado zimo. Husimama ufukoni, watoto wakicheka, naye huinua mikono na kuvuta kamba isiyokuwapo. Dada huzunguka nyuma, akatazama kama mgongo wafunikwa. Haufunikwi. Pana nafasi ya vidole viwili. Basi huhesabu upya, akaongeza mizunguko 16, na sweta lakawia siku nyingine kadhaa.

Kisha mwezi huwa mdogo, na usiku ukawa giza la kufaa taa, maana dagaa hawaji kwenye mwanga wa taa mwezi ukiwa mpevu. Mitumbwi hutoka Kamanga mmoja mmoja, na taa zake, zikitazamwa kutoka vilimani, ni kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Alfajiri hurudi. Dagaa humwagwa kukauka, watu huulizana habari za usiku, na sweta hutandikwa juu ya jiwe, lililowa mpaka kiwiko, na magamba yakimetameta kifuani. Dada apitapo kwenda shule hulishika mkono wa kuume, akaupindua, akatazama ni wapi uzi umeanza kulika.